Sisi Tulidai Jengo, Nyinyi Daini Nafasi ya Mtoto

Kizazi changu hapa Kinondo kimezika watoto wengi. Mkimsikia bibi yenu anawahesabu wanawe, msikilizeni vizuri. Kuna majina anayoyataja kwa sauti ya chini, ya wale waliokwenda kabla ya kumaliza kuota meno. Surua ikipita kijijini iliondoka na wawili watatu. Malaria ya baada ya masika ilichukua wengine, na kuhara, na nimonia, na pepopunda ya vichanga. Kutoka Galu mpaka Gazi, nyumba zisizokuwa na kaburi dogo zilikuwa za kuhesabu.

Wajukuu wetu wamezaliwa katika zama nyingine, na nashukuru Mungu kwa hilo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2003 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini Kenya, 115 hawakufikia miaka mitano. Uchunguzi wa kitaifa wa 2022 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 41. Chandarua kilifanya kazi yake, dawa mseto ya malaria ikafanya yake, na chanjo zikaja moja baada ya nyingine: ya nimonia mwaka 2011, ya kuhara mwaka 2014. Msichana anayejifungua leo ana haki ya kutarajia kwamba mwanawe atakua. Sisi hatukuthubutu kutarajia hivyo. Tulikuwa tukiomba tu.

Lakini hao 41 ni watoto wa watu. Karibu nusu yao ni vichanga wasiotimiza mwezi. Na kwa aliyeuvuka mwezi huo, mauti bado huja mbio: asubuhi yuko uani anakimbiza kuku, usiku hamtambui mamake. Mtoto huyo anategemea saa yake ya kwanza hospitalini: atapokewa na nani, na aliyempokea ana nini mkononi. Jambo hilo kizazi chetu hakikulidai, na ndilo ninalotaka kuwaachia nyinyi.

Sisi tulifanya tulichoweza. Mtoto akikakamaa na kugeuza macho, tulisema ni nyuni, ndege wa usiku amempitia. Aliogeshwa vuo la majani, akafukizwa, maalimu akaandika kombe akanyweshwa, akafungwa hirizi ya kitambaa cheusi. Siwadharau wazee waliotufundisha hayo, kwa maana hakuna aliyetufundisha mengine, na zahanati ilikuwa mbali. Kitu kimoja walikijua vizuri sana: mama mwenye mtoto mahututi haachwi peke yake. Mlango ukigongwa usiku, kijiji kizima kiliamka. Huyu anatafuta gari, huyu anakusanya pesa, huyu anabaki na watoto wengine. Msafara ukaenda hospitali ya Msambweni, na Msambweni wakishindwa, ukaelekea Likoni kungoja feri ivuke kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa. Wapo waliofika. Wapo waliokata roho wakiyatazama maji ya kivuko.

Ndiyo maana tulidai jengo. Uhuru ulipokuja tuliahidiwa kupigana na ujinga, maradhi na umaskini, na mwaka 1965 serikali ikaondoa ada ya matibabu kwa wagonjwa wa kutwa. Tukaamini. Desemba 1989 ada zikarudi kwa jina la kuchangia gharama, na mama aliyekuwa na nauli tu akabaki nyumbani na mtoto wake. Mwaka 2004 ada zikapunguzwa na watoto wa chini ya miaka mitano wakasamehewa katika zahanati na vituo vya afya. Mwaka 2013 zikaondolewa huko kabisa. Mwaka huohuo afya ikawa jukumu la kaunti. Miaka yote hiyo, katika kila baraza la chifu na kila mkutano wa kampeni, ombi letu lilikuwa moja: tujengewe karibu. Nasi tumejengewa. Leo kuanzia Diani hadi Msambweni kuna vituo ambavyo mama zetu hawakuviota.

Jengo likishasimama, huja swali la ndani yake. Chumba cha dharura kilichopangwa kwa ajili ya mtu mzima hakimfai mtoto hata kikipakwa rangi na kuchorwa twiga ukutani. Dawa ya mtoto hupimwa kwa kilo, kwa hiyo mizani ikiharibika mganga anakisia, na kwa kitoto cha kilo sita makosa kidogo ya kukisia ni makubwa. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni, kama ni cha mtu mzima, hupwaya kwenye kidole cha mtoto wa miezi minne na kutoa hesabu isiyo ya kweli. Kinyago cha kumpulizia hewa kikiwa kikubwa, hewa yote inatokea pembeni ya mashavu. Halafu mtoto hana akiba kubwa mwilini. Akishinda bila kula huku homa inapanda, sukari ya damu inaweza kuporomoka mpaka akapata degedege. Bila kile kipimo kidogo cha tone la damu, atatibiwa malaria peke yake na sukari isahaulike.

Msinielewe kwamba haya ni mapungufu ya watu maskini tu. Mwaka 2013 Marekani ilizipima hospitali zake zaidi ya 4,000 ili ijue vyumba vyao vya dharura viko tayari kiasi gani kumpokea mtoto. Hospitali iliyoangukia katikati ya orodha ilipata takriban alama 69 kati ya 100. Nako pia watoto wengi wanaougua ghafla hupelekwa hospitali ya kawaida iliyo jirani. Hospitali za watoto peke yao ni chache kokote duniani, na sisi wa Kwale hatuwezi kuingojea hospitali ya watoto ya Gertrude's ya Nairobi ihamie Ukunda. Mtoto ataokolewa na hospitali ya karibu, au hataokolewa.

Na inawezekana. Blantyre, nchini Malawi, hospitali kuu ya serikali ilikuwa ikipoteza kati ya asilimia 10 na 18 ya watoto iliowalaza. Hawakujenga ghorofa. Walibadilisha mpangilio wa mahali pa kupokelea watoto, wakawafundisha wafanyakazi kile wanachokiita triaji, yaani kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao badala ya nani amewahi, na wakaanza matibabu palepale mlangoni. Vifo vikashuka hadi kati ya asilimia 6 na 8. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyozaa mafunzo ya dharura za watoto yaitwayo ETAT, ambayo Shirika la Afya Duniani liliyachapishia mwongozo mwaka 2005. Hapa kwetu, utafiti wa hospitali 14 za ngazi ya wilaya uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba vifo vya watoto waliolazwa vilitofautiana sana kati ya hospitali moja na nyingine. Baadaye Wizara ya Afya ikatoa kijitabu cha miongozo ya kumtibu mtoto, kinachoingia katika mfuko wa koti, na madaktari wa watoto wakaanza kuzunguka wakifundisha.

Hata wasomi wamelazimika kujifunza upya. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo vyake, kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali ambao damu yao haikuwa ikizunguka sawasawa. Desturi ya hospitali za nchi tajiri ilikuwa kumjaza mtoto kama huyo maji ya dripu kwa haraka. Ikaonekana kwamba waliojazwa maji hivyo walikufa zaidi ya wale ambao hawakujazwa. Mtoto aliyekauka kwa kuhara hesabu yake ni nyingine, na huyo hakuwamo katika utafiti. Mimi nililolichukua ni hili: mtoto wa pwani hii anastahili kuchunguzwa yeye mwenyewe, katika maradhi yake mwenyewe, na waliolifanya hilo walilifanya jirani na sisi.

Nimeona kwa macho yangu jinsi utayari ulivyo. Juzijuzi, katika kituo kimoja cha huku kwetu, tulikuwa kwenye foleni wazee wa presha na sukari, kila mtu na kadi yake. Sista mmoja kijana akatoka, akapita mbele ya mabenchi akitazama watoto tu. Akasimama kwa msichana aliyempakata kitoto ndani ya leso. Akaifunua leso, akakitazama kifua: kila mtoto akivuta pumzi, mbavu zinaingia ndani. Akaushika mkono, akaubonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka ukawa mweupe, akauachia, midomo yake ikihesabu kimya. Damu ilichelewa kurudi. Hakuuliza kadi wala namba. "Mama, njoo na mwanao," akasema, akampitisha mbele yetu sote. Babu mmoja akaanza kunung'unika, akina mama wakamnyamazisha. Baadaye nilichungulia nikamwona yule msichana amekaa kitandani, mtoto mapajani mwake, mrija mwembamba wa oksijeni puani. Hawakumtoa mama nje. Mtoto akilia hewa inapungua, na mtoto aliye kifuani kwa mamake halii sana.

Sista yule ni wa kizazi chenu, na namvulia kilemba. Vijana wa leo mna elimu ambayo sisi hatukuwa nayo. Wazazi wanajua kuhesabu pumzi, wanajua mtoto asiyenyonya ni mtoto wa hatari, hawangoji nyuni apite. Bodaboda iko mlangoni, na anayepelekwa Mombasa sasa ana njia ya Dongo Kundu asipoitaka feri. Lakini namwona mzazi anakwenda peke yake usiku, anagombana na mlinzi peke yake, na akirudi nyumbani, awe amerudi na mtoto au bila mtoto, hilo linabaki kuwa jambo lake. Kijiji kilichokuwa kikiamka kwa ajili yetu kimelala. Sisi tulikuwa na sauti ya wengi na tukaitumia kudai kuta, kwa kuwa hatukujua cha kudai zaidi. Nyinyi mnajua, nanyi mmetawanyika.

Wasia wangu kwenu ni huu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na cha 53 kinampa kila mtoto haki ya huduma za afya. Kaunti ya Kwale haiwezi kupitisha bajeti bila kuwasikiliza wananchi, na vituo vya afya vina kamati zake. Nendeni huko wengi, wake kwa waume, pamoja na wale ambao watoto wao wamekua. Ulizeni mambo ambayo hayahitaji shahada. Mizani ya watoto iko mlangoni, na inafanya kazi? Vinyago vidogo na kibanio cha kidole cha mtoto vipo? Stima ikikatika usiku wa manane, oksijeni inatoka wapi? Kipimo cha sukari kina vibanzi vyake leo, au viliisha mwezi uliopita? Zamu ya usiku ina mtu mmoja aliyepata mafunzo ya ETAT? Ambulansi inayompeleka mtoto Mombasa ina mtungi uliojaa na muuguzi ndani yake?

Atakayeahidi jengo jipya, mshukuruni, kisha mrudie maswali yenu. Majibu yaandikwe kwa tarehe, na mwaka ujao yasomwe tena mbele ya watu walewale.