Kikombe cha Kila Asubuhi



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili mama mmoja wa hapa Madale alinijia baada ya Misa ya asubuhi. Kwa ruhusa yake nawashirikisha mazungumzo yetu. Mwanawe, aliyetumia heroini kwa miaka mingi, sasa hupanda daladala kila alfajiri kwenda kunywa methadoni. Katika jumuiya yao ndogo ndogo wapo wasemao kwamba kijana hajaacha, bali amebadili tu ulevi. "Baba Paroko," aliniuliza, "mwanangu anapona au tunajidanganya?"

Swali hilo lilinikumbusha kosa langu. Miaka iliyopita kijana mwingine aliniomba msaada, nikamwambia asali na ajikaze. Alisali kweli. Siku ya tatu alirudi akitetemeka na kutapika kwa arosto, nami nikamkemea kwa uhaba wa imani. Sikumwona tena.

Laiti ningalijua wakati ule niliyoyasoma baadaye. Mwaka 1973 Candace Pert na mwalimu wake Solomon Snyder, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, walithibitisha kuwa ubongo una vipokezi vinavyoshika dawa za jamii ya afyuni, mfano wa kufuli lipokealo ufunguo wake. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen, Uskoti, walionyesha kuwa ubongo wenyewe hutengeneza ufunguo wa namna hiyo. Muumba ameweka ndani yetu kitulizo cha maumivu! Heroini huvamia makufuli hayo hayo; ubongo ukishaizoea huitegemea, na ikikosekana mwili wote huteseka. Methadoni nayo hushika vipokezi hivyo, lakini polepole na kwa muda mrefu. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, huzuia arosto bila kumlevya mgonjwa. Ndiyo tiba iliyoanza kutolewa Muhimbili mwezi Februari 2011, kisha Mwananyamala na Temeke, ambako mgonjwa hunywa dawa yake mbele ya mhudumu.

Katekisimu, namba 2291, inayahesabu matumizi ya dawa za kulevya kuwa kosa zito, lakini inayatenga yale ya tiba. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kutozidharau dawa, kwa kuwa asili yake ni Mungu. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba neema haiyaondoi maumbile, bali huyakamilisha.

Nilimjibu mama: mwanao anapona. Dawa humwondolea mateso ya mwili, ili sasa aweze kuchagua, kufanya kazi, kuungama na kusali akiwa na akili tulivu. Hatua hizo atazipiga yeye mwenyewe, lakini asizipige peke yake.

Basi, wapendwa, juma hili tuache kumwita teja. Mwenye gari liendalo mjini alfajiri ampakie. Mwenye kibarua amkumbuke. Nami namwombea yule niliyemkemea, popote alipo, na kumwomba Mungu anisamehe.

Nawatakia Dominika njema.

Paroko wenu