Kujifunza Kivuli

Watu wengi hudhani kuwa kazi ya mpaka rangi ni kutia rangi tu. Kijana mmoja wa Kilosa, aliyekuwa na mapenzi ya kuunda mifano midogo ya mabehewa kwa bati na karatasi ngumu, alidhani hivyo kwa muda wa miaka miwili. Behewa lake la kwanza lilikuwa sahihi kwa vipimo. Alikuwa amechagua kipimo cha moja kwa hamsini, hata njia ya reli ya zamani, ambayo upana wake ni milimita 1,000, ikawa sentimita 2 juu ya meza yake. Milango ilifunguka, magurudumu yalizunguka, na kila ribiti ilikuwa mahali pake. Alilipaka rangi ya hudhurungi kwa brashi ya manyoya, likang'aa, akampelekea baba yake.

Mzee huyo alikuwa mtu wa reli. Alianza kuunganisha na kufungua mabehewa kabla Shirika la Reli la Afrika Mashariki halijavunjika mwaka 1977, na njia ya tawi itokayo Kilosa kwenda Mikumi na Kidatu aliijua kama mtu aujuavyo ua wa nyumba yake. Lakini macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Alilipokea behewa, akaligeuza huku na huku karibu na uso wake, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, sanduku hili ni la kutilia nini?"

Hakukusudia dhihaka, na ndiyo sababu neno lile lilikuwa zito. Jicho lenye mtoto wa jicho ni kama dirisha lililopata mvuke: nuru huingia, lakini hutawanyika, na rangi zinazokaribiana huchanganyika zikawa kitu kimoja. Kinachobaki kuonekana ni weupe uliopakana na weusi. Behewa la rangi moja tangu paa hadi magurudumu halikumpa mzee mahali pa kushika kwa macho. Upasuaji wa kuondoa ugonjwa huo upo, wala hauchukui muda mrefu. Ila mzee alikiogopa kisu, na kila alipotajiwa hospitali alikumbuka shughuli nyingine iliyokuwa ikimngoja.

Kwa haki, hata mwenye macho mazima angeliona lile behewa kuwa bapa. Behewa la kweli husimama juani, nalo jua la Kilosa halina huruma: ukingo wa paa hutupa kivuli ubavuni, kila ubavu wa chuma hutupa kivuli chake, na chini ya sakafu ni giza. Mfano hukaa chumbani, ambamo nuru hutoka dirishani, ukutani na darini kwa pamoja, ikafuta vivuli vyote. Tena mifereji yake haina kina, maana mkono wa binadamu hauwezi kukata bati kwa wembamba unaostahili. Mfano umenyimwa jua. Aliyeuunda hana budi kuukopesha kivuli.

Chombo cha kutilia kivuli hicho ni brashi ya hewa. Fikra yake ni ya kale mno. Katika mapango ya Ufaransa na Hispania watu wa zamani walipuliza rangi juu ya viganja vyao, wakaacha umbo la mikono ukutani. Chombo chenyewe kilianza Marekani katika miaka ya 1870 kwa mkono wa Abner Peeler, na katika miaka ya 1890 Charles Burdick alikipa umbo linalokaribiana na la leo: kikombe kidogo cha rangi, sindano iliyolala ndani ya mdomo mwembamba, na upepo unaopita pembeni ukiifyonza rangi na kuifanya ukungu. Kijana alikipata cha kwake kutoka Dar es Salaam kwa basi, pamoja na kitabu chenye picha za vifaru vya vita vya Wazungu. Alifuata kitabu. Rangi ilipokuwa nyepesi na mkono u karibu, ilitambaa juu ya bati kama miguu ya buibui. Alipousogeza mkono mbali, rangi ilikauka hewani, ikatua kama unga wa msasa. Masika yalipofika, kompresa ilianza kutema matone ya maji.

Hapo ndipo alipoambiwa aende Mikumi. Mji huo uko kando ya barabara kuu iendayo Zambia, na malori hayalali pale. Palipo na malori hapakosi fundi rangi. Njia ya kutoka Kilosa kwenda huko hupita kijiji kiitwacho Ulaya, jambo lililomchekesha kijana, kwa kuwa elimu ya kitabu chake ilitoka Ulaya nyingine, na sasa alikuwa akiipita Ulaya hii ili akatafute elimu mbele yake.

Fundi yule alikuwa hajapata kuona brashi ndogo kiasi kile. Baada ya kupokea shikamoo aliigeuza kiganjani, akacheka, akasema, "Huyu ni mtoto wa bomba langu. Basi atalelewa kama mamaye." Aliyomfundisha hayakuwa mengi. Rangi ichanganywe na tina hata iteleze ukutani mwa kikombe kama maziwa, isiwe kama uji wala kama maji. Upepo utangulie rangi, na rangi itangulie kukoma. Mwenye kufungua vyote viwili pamoja hutema doa, na mwenye kufunga vyote pamoja huacha jingine. Mkono uanze kwenda kabla ya rangi kutoka. Maji ya kompresa yafunguliwe kila asubuhi, na chujio la maji liwekwe kwenye mpira. Pua na mdomo vifunikwe, na kazi ifanywe nje, kwani tina haina urafiki na mapafu. Kwa brashi ile ndogo waliteremsha geji hadi baina ya paundi 15 na 20 kwa inchi ya mraba. Siku ya kwanza yote kijana hakugusa bati; alipuliza mistari juu ya magazeti ya zamani, na jioni fundi alitazama gazeti moja tu kati ya yote, akaitikia kwa kichwa.

Lakini somo lililomfungua hakulipata gereji. Barabara kuu hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na abiria huona wanyama bila kushuka garini. Kijana alikuwa dirishani mwa basi dogo la gereji, akifuatana na fundi kwenye lori lililoharibika njiani, alipoona kundi la swala pala. Alitazama tena, akaona kuwa hawakuwa wachache kama alivyodhani. Waliosimama mbali kidogo walikuwa wamemponyoka machoni ingawa hapakuwa na kichaka. Mchoraji wa Kimarekani, Abbott Thayer, alieleza siri ya jambo hilo mwaka 1896. Mgongo wa swala umeiva rangi, mbavu zimepauka, na tumbo ni jeupe. Jua hung'arisha mgongo na kutia giza tumboni. Rangi ya mnyama hufanya kinyume chake. Viwili hivyo huondoana, na mwili wa mviringo ukaonekana kama karatasi. Swala hujificha kwa kukifuta kivuli chake.

Basi asiyetaka kujificha hana budi kufanya kinyume cha swala. Kijana aliporudi Kilosa alilikwangua behewa hadi batini. Alipuliza rangi nyeusi kila pahali. Kisha, akiishika brashi juu ya paa tu, mahali ambapo jua la saa sita lingesimama, alipuliza nyeupe, na nyeupe ikatua juu ya yote yanayoelekea mbinguni, ikaacha weusi chini ya ukingo, nyuma ya mbavu na penye bawaba. Hudhurungi ilikuja mwisho, nyepesi sana, tabaka juu ya tabaka, ikiacha vilivyo chini yake viseme. Katikati ya kila bati aliongeza hudhurungi iliyotiwa nyeupe kidogo. Mpenda ukweli angeweza kusema kuwa kivuli kilizidi. Kilizidi kwa makusudi, maana jicho lililokusudiwa lilihitaji kuzidishiwa.

Mzee alilipokea barazani. Hakuligeuza sana mara hii. Alitaja milango, akataja komeo, akahesabu mbavu kwa macho, asiziguse, akapata hesabu sawa. Kisha akanyamaza, akakunja uso.

"Baba, kuna kasoro?"

"Huku chini umetia usiku," akasema mzee. "Behewa la njia ya Mikumi huku chini halina usiku, lina vumbi. Kiangazi lilikuwa jekundu hadi mlangoni. Tulikuwa tukilijua limetoka wapi kabla hatujasoma karatasi."

Kitabu cha vifaru hakikuwa na neno juu ya hilo. Kijana alichota udongo kando ya njia, akauweka mezani, akachanganya rangi hata ikafanana nao, akaipuliza kutoka chini kwenda juu, hafifu, juu ya weusi aliokuwa ameutaabikia. Behewa lilipoteza giza lake la chini, likapata safari. Mzee aliliweka dirishani, akaagiza la pili, la mafuta. Kijana alikwenda kutafuta tina nyingine akiwa na wasiwasi, kwa kuwa tangi ni la mviringo, wala halina pembe ya kumwonyesha mtu mahali kivuli kinapoanzia.