Ya kwanza, Likasi

Kaseti ya nkambo yangu, mama yake baba, ina dakika 41. Alirekodiwa nyumbani Katuba akisimulia alivyomfuata mumewe aliyefanya kazi Union Minière, kwanza Likasi, kisha hapa Lubumbashi. Alifariki kabla sijazaliwa. Kwa tasnifu yangu juu ya Kiswahili cha wazee wa mji huu niliamua kuinukuu yote, neno kwa neno, pamoja na "apana" na "batu" zake kama alivyozitamka.

Dakika ya 17 nilikwama. Anahesabu watoto wake: "Ya kwanza, nili…ka Likasi." Hapo katikati utepe unavuma, shshsh, unafunika konsonanti. Ni "nilishika", yaani mimba, au ni "nilizika"? Baba, mzaliwa wa Lubumbashi, anajijua kuwa kifungua mimba.

Fundi mmoja wa redio, komini ya Kenya, alifungua ampli yetu ya nyumbani akanionyesha chipu nyeusi yenye miguu minane: op-ampu ya aina ya 4558. "Hii ni ya kawaida sana," akasema. "Tia 5532, utamusikia mpaka pumzi." Alikuwa nayo moja, ameing'oa kwenye mikisa iliyokufa. Aliyeyusha risasi, akaitoa ile ya zamani, akalehemu soketi ili nibadilishe mwenyewe kwa vidole. Alinionya niangalie alama iliyo upande wa mguu wa kwanza: ukiigeuza chipu, mguu wa 4 na wa 8 inapopitia umeme vinabadilishana, nayo inaungua. Akaongeza kapasita ndogo karibu na miguu hiyo, kwa kuwa 5532 ina mbio na huweza kuanza kutetemeka yenyewe.

(Neno "op" hapo ni la operesheni, lakini si ya hospitali wala ya jeshi. John Ragazzini na wenzake walipoipa saketi hii jina hilo mwaka 1947, walifikiria hesabu: kujumlisha, kutoa. Kaka zangu hawakuniamini.)

Usiku ule nilisikia "nilizika". Wazi kabisa. Nikaandika. Asubuhi nikamwambia baba, naye akaweka kikombe chini. "Hakuniambia," alisema, basi.

Mwalimu wangu aliposoma rasimu aliuliza nimetofautishaje z na sh mahali pale. Nikaeleza habari ya chipu, kwa fahari kidogo. Akauliza: "Umejipima?"

Sikuwa nimejipima. Nilimwomba mdogo wangu wa kike azime ampli, atie chipu anayotaka, afunike kwa karatasi, awashe. Mara kumi. Nilitaja chipu sawasawa mara tano. "Yaya, unabahatisha tu," akasema, na kweli kurusha sarafu kungenipa hivyohivyo. Kisha nikamwomba yeye asikilize lile neno, bila kumwambia ninachotafuta. Akasema "nilishika". Kwa chipu zote mbili.

Ningeyajua mapema kama ningesoma kabla ya kununua. 4558, chipu ile ya kawaida, hufanya kazi hadi megahezi 3 hivi, na sikio la mtu huishia kilohezi 20. Kaseti yenyewe haifiki hata huko. Ukubwa wa sauti hupangwa na rezista zinazoizunguka, kwa hiyo chipu mpya haikuongeza hata sauti. Na mvumo ulikuwa ndani ya utepe tangu siku ya kurekodi. Ampli iliupokea pamoja na nkambo, ikaukuza pamoja naye. Fundi simlaumu. Mimi ndiye niliyekwenda pale nikitaka kusikia kitu.

Katika tasnifu sasa pameandikwa: nili[haisikiki]ka. Ni herufi chache zilizonigharimu jioni nyingi.

Kwa baba haikuwa rahisi hivyo. Nilimweleza kwamba sijui, kwamba sikupaswa kusema. Akataka kusikiliza mwenyewe. Tukakaa sebuleni, nikarudisha utepe hadi dakika ya 17. Akasikiliza mara tatu akiwa ameinama karibu na spika. Mara ya nne aliniambia niiache iendelee, nkambo akapita Likasi akafika Katuba, akamtaja yeye kwa jina, na umeme ukakatika.