Injini ya Ipsum

Injini yangu ilikufa kimya kimya. Watu hudhani injini ikifa lazima itoe mlio, moshi, oili imwagike barabarani. Yangu ilinyamaza tu. Nilikuwa Southern Bypass, saa tatu usiku, nimepita Lang'ata naelekea Kikuyu, redio inaimba, halafu nikagundua kwamba ninachosikia ni redio na upepo peke yake. Usukani ukawa mzito. Nikaliacha gari liserereke hadi pembeni, nikawasha hazadi, nikapiga stata.

Stata ilizunguka haraka mno, nyepesi, kama mtu anayekanyaga baiskeli iliyotoka cheni. Hapo ndio nilijua. Sikukisia, nilijua, kwa sababu kwa miezi minane nilikuwa nikijiambia kwamba taiming belti nitabadilisha mwisho wa mwezi.

Gari lenyewe ni Toyota Celica ST202, SS-II ya 1996, nyekundu, rangi imeanza kuchujuka kwenye boneti. Sikuinunua kwa yadi. Aliniuzia Anko, kaka mdogo wa mama, kwa bei ya kifamilia na masharti ya kifamilia: 15,000 kila tarehe tano kwa miaka miwili. Hakuna mkataba, logibuku inabaki kwa jina lake hadi nimalize, na ukichelewa siku moja anapigia mama yako simu.

Anko alikuwa kijana wa sekondari mwaka wa 1994, Ian Duncan aliposhinda Safari Rally na Celica. Mkenya, nyumbani, dhidi ya timu za dunia nzima. Anko akaamua siku hiyo gari atakalonunua akipata pesa. Alipata pesa miaka kumi baadaye. Ukimwambia kwamba la Duncan lilikuwa na turbo na magurudumu yote manne yakivuta, na kwamba hili halina turbo na linavuta mbele tu, anakuangalia kama umemtukana mamake. Aliliendesha hadi mgongo ukakataa kile kiti cha chini, ndipo akanunua Probox na kuniita. Aliponipa ufunguo alisema, "Belti. Usisahau belti."

Wacha nieleze hii belti, kwa sababu kesi nzima iko hapo. Ndani ya injini kuna pistoni zinazopanda na kushuka, na juu yake kuna valvu zinazofunguka na kufunga. Kwa injini aliyokuwa nayo Anko, inaitwa 3S-GE, pistoni na valvu zinatumia nafasi moja kwa zamu, na mpangaji wa zamu ni mkanda mmoja wa mpira wenye meno. Toyota wanasema uubadilishe kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zilizokuwa zimefunguka zinabaki hapo zikishangaa, na pistoni inapanda kuzikuta. Mkanda wa elfu chache unaua injini nzima.

Kule Kariobangi Light Industries fundi alifungua kichwa cha injini siku ya pili. Ni mzee mtulivu, haongei sana, na tangu nimjue sijawahi kumsikia akimcheka mteja. Alipanga valvu kumi na sita juu ya gazeti. Kumi na mbili zilikuwa zimepinda. Pistoni moja ilikuwa imepasuka ukingoni.

"Ulibadilisha belti lini?"

Nikasema sikumbuki. Akatikisa kichwa polepole, akaendelea kupangusa mikono.

Kutengeneza ile ile ingekuwa valvu mpya, pistoni, gasketi, na kichwa kupelekwa kusagwa, na vipuri vingine vya kuagiza. Nikapiga simu nikitafuta 3S-GE nyingine iliyotumika. Nilipata moja tu: 190,000, haina gerentii, na muuzaji hakujua belti yake ilibadilishwa lini. Mimi nilikuwa na 120,000 kwa SACCO, zile nilizokuwa nimejipangia kozi. Kuna kikundi cha WhatsApp cha watu wa Toyota nikauliza huko, na jamaa mmoja akaniambia nisiwe mjinga, niweke tu 3S-GTE ya turbo kama ya Duncan. Ni rahisi kushauri kwa pesa zisizo zako.

Fundi ndiye alisema. "Weka FE."

3S-FE ni ndugu wa ile iliyokufa. Ni ya lita mbili, ya familia moja, lakini ililelewa tofauti. Kichwa cha GE, Toyota walikiunda pamoja na Yamaha, kiwe cha kukimbia; SS-II yenye gia za mkono ilihesabiwa Japan kuwa na nguvu za farasi 180. FE iliundwa iende kazini na kurudi, farasi 140 hivi. Ilikuwa ndani ya Corona, Caldina, RAV4 za kwanza, na Ipsum, lile gari la kupeleka watoto saba shule na kurudi na gunia la vitunguu. Na ina sifa moja ambayo kwangu mimi, mtu wa mwisho wa mwezi, ilikuwa kama Mungu amenionea huruma: pistoni na valvu zake hazifikiani. Belti ikikatika inazima tu. Unavutwa hadi kwa fundi, unawekewa nyingine, unaendelea na maisha.

Tena Toyota wenyewe waliuza Celica ya umbo hili hili ikiwa na FE, waliiita SS-I. Kwa hivyo maunti zinaingia palepale, na gia boksi yangu ya mkono ingebaki.

"Lete ya Ipsum ama RAV4," fundi akasema. "Usiniletee ya Noah."

"Si zote ni 3S-FE?"

"Ya Noah imelala na urefu wa gari, inasukuma magurudumu ya nyuma. Sampu si ile, maunti si zile. Utaniletea shida na nitakulipisha hiyo shida."

Tukaenda Kirinyaga Road, ambayo wenyewe bado wanaiita Grogan, Jumamosi asubuhi. Injini zimepangwa juu ya tairi kuukuu kama kuku wa kuuza. Fundi alikataa tatu kabla hata ya kuuliza bei. Alikuwa anafungua kifuniko cha oili na kuangalia ndani: ukiona kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda, maji yamewahi kuingia kwa oili, ondoka. Anachukua spana anazungusha krenki kwa mkono. Ya nne ilikuwa ya Ipsum, na kompyuta yake na waya zake zote, hazijakatwa. Hiyo nayo ni ya maana kuliko watu wanavyojua, kwa sababu kompyuta ya GE haiwezi kuongoza FE. Akaomba betri na stata, akapima kompresheni silinda moja moja. 165, 170, 170, 165.

"Nyinyi mnanunua injini ama mnaoa?" muuzaji akauliza.

65,000. Nikadai risiti yenye namba ya injini, kwa sababu fundi alinikanyaga mguu nikumbuke.

Belti mpya, tenshena, pampu ya maji, sili za mbele na nyuma, oili na filta: 18,500. Fundi hakukubali injini iingie garini kabla ya hivyo vyote, kwa sababu ikiwa nje ni kazi ya dakika, ikishaingia ni kazi ya siku nzima. Kazi yake 25,000. Kuchomelea bomba la ekzosi, 3,000. Jumla 111,500. Kozi ikasubiri.

Kuiingiza kwa chenibloku kulichukua mchana mmoja. Fundi wa waya alichukua siku nne. Ipsum ilikuwa otomatiki, na ile kompyuta ilikuwa bado inaulizia gia boksi yake iko wapi. Alidanganya waya fulani, akadanganya nyingine, gari likakubali kuwaka na kutulia. Taa ya cheki injini tu ndiyo ilikataa kuzima.

Siku ya kwanza kuiwasha, iliunguruma kwa adabu. Kama gari la mwalimu mkuu.

Sitawadanganya kwamba ni sawa tu. Si sawa. GE ilikuwa inangoja sindano ipite 5,000 ndipo inakuambia jina lake, halafu inapanda hadi 7,000 na wewe unacheka peke yako kama mwendawazimu. FE inavuta vizuri kuanzia chini, kwa foleni ya Waiyaki Way ni tamu kuliko ile ya kwanza, lakini ukiisukuma inafika mahali inachoka na kukuuliza tunakimbilia nini. Na mimi kila siku niko kwa foleni. Kwa maisha ninayoishi kweli, hii ndiyo injini yangu. Hiyo ndiyo ilinikera.

Nyuma bado imeandikwa SS-II. Kwa wiki tatu watu wakinisimamisha kwenye kituo cha mafuta kuniuliza "hii ni ile ya 3S-GE?" nilikuwa nasema ndiyo. Haraka haraka, nikiangalia pampu.

Wiki tatu hizo pia nilikuwa naendesha gari ambalo namba yake ya injini si ile ya kwenye logibuku. Kila nikiona polisi mbele, mikono inalowa jasho. Kubadilisha ni kuomba NTSA, na anayeomba ni mwenye logibuku. Mwenye logibuku ni Anko. Hakukuwa na njia ya kupitia isipokuwa sebuleni kwake.

Nilienda Kikuyu Jumapili baada ya kanisa, nimepanga maneno. Risiti mfukoni. Valvu nilizibeba pia, sijui kwa nini, ndani ya mkebe wa Blue Band. Anko alikuwa langoni. Sijafungua mdomo, akanyoosha mkono.

"Ebu nipe ufunguo. Mgongo leo uko sawa."

Alijikunja akaingia. Tukashika barabara ya kwenda Limuru. Gia ya kwanza, ya pili. Kwa ya tatu, kwenye mlima, akakanyaga hadi chini, kama nilivyomwona akifanya nikiwa mtoto kwenye kiti cha nyuma, na akangoja. Niliona anangoja. Sindano ikapanda, ikachoka. Akaachilia pole pole, akaingiza gia ya nne, hakusema kitu hadi tuliporudi langoni. Kilomita kama kumi na tano hivi.

Akazima.

"Hii ni ya Ipsum."

"Ndio, Anko."

"Belti?"

"Ndio."

Nikampa mkebe. Akaufungua, akachagua valvu moja, akaizungusha juani akiangalia ilivyopinda. Nilitaka aniambie kitu, hata anitukane. Akaiweka kwenye mfuko wa shati lake la kanisa, akanirudishia zingine.

"Umebakisha miezi mingapi?"

"Mitano."

"Tarehe tano, basi. Hizo fomu za NTSA tutajaza kesho, leta risiti." Akafungua mlango, akaanza ile kazi ndefu ya kujitoa kwenye kiti. Mguu mmoja ukiwa nje, akasimama. "Na hii taa yako ya injini inawaka."

"Kompyuta inatafuta gia boksi otomatiki. Haijui ilishaachwa Japan."

"Iambie basi," akasema, akishikilia mgongo.