Dhambi Isiyokuwa Yetu

Sisi tunaoandika haya ni mwanamke mmoja tu. Lakini twasema "sisi", maana neno "mimi" katika habari hii lingali zito kinywani.

Tulifika Rughenda, hapa Butembo, tukitoka upande wa Beni, ambako mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 yaliwatawanya watu wengi. Shangazi alitupokea nyumbani kwake, karibu na uwanja wa ndege. Watu walitupa pole kwa ajili ya shamba tuliloliacha. Lile jingine, tulilotendewa kwa nguvu njiani, hatukumwambia mtu. Asubuhi za Butembo ni za baridi, hata hivyo tuliamka tumelowa jasho. Ndege ndogo ikishuka, tulijikuta chini ya meza. Tulimwambia shangazi kwamba ni malaria, tukameza dawa ya malaria mara tatu, bure kabisa.

Kwaresima ikafika, tukaenda kuungama. Tulitaja makosa yetu madogo, kisha na jambo lile, kama dhambi yetu. Padri alinyamaza kidogo, akasema: "Mama, hiyo si dhambi yako. Siwezi kukuondolea usilolitenda." Akatuambia tusiache kusali, ila twende pia kwa wale waliofundishwa kazi ya kusikiliza watu walioumizwa. Tusiseme uongo, tulikasirika. Tulitaka baraka, naye anatutuma kwa wanadamu!

Siku ya kwanza tulipita mbele ya mlango wa nyumba ile ya kusikiliza mara mbili, tukaishia kununua makaa tusiyoyahitaji. Siku ya pili tuliingia. Mama aliyetupokea hakuuliza kitu. "Ukitaka tukae kimya, tutakaa," alisema. Tulizungumza juu ya maharagwe saa nzima, tukarudi nyumbani tumechoka kuliko siku ya kulima.

Ilikuwa mara ya nne tuliposema kwamba kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tulishika njia ile. Akauliza, "Njia nyingine ilikuwapo?" Haikuwapo. Miaka yote tulikuwa tumejihukumu bila kuuliza swali hilo moja.

Wako wanaosema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, au ya wenye wazimu. Basi wasikie habari ya uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013, uliofanywa katika vijiji 15 vya Kivu, kwa wanawake 405 waliotendewa maovu ya namna hii. Wengine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Wengine walifuata mafundisho 12, karibu yote katika kikundi, wakijifunza kuyapima mawazo yao. Miezi sita baada ya kumaliza, waliokuwa bado na dalili za huzuni kubwa au hofu walikuwa 42 katika kila mia kwa wale wa kwanza, na 9 tu kwa wale wa kikundi. Nao waliowaongoza walikuwa watu wa huku huku, waliofundishwa kazi hiyo.

Neno moja la haraka: aliyepatwa leo asingoje Kwaresima. Afike hospitali kabla ya saa 72 kwisha, maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI sharti ianze ndani ya muda huo, na ikianza mapema ni bora zaidi. Sisi tulichelewa. Damu yetu ilipopimwa ilionekana safi, Mungu ashukuriwe, lakini asitegemee mtu bahati ya namna hiyo.

Bado usiku mwingine twaamka na jasho. Ndege ikishuka twashtuka, ila tunabaki na mwiko mkononi, tukiendelea kusonga bugali.

Shangazi hajaambiwa. Anadhani Alhamisi tunakwenda kwa mkutano wa akina mama. Tumepanga kumwambia juma lijalo, akiisha kuuza viazi vyake, kwa maana kabla ya soko hasikilizi mtu.