Zamu ya Mwisho

Fomu ya UCAS humpa mwombaji wa chuo kikuu nchini Uingereza nafasi tano tu. Barua ya kujieleza ni moja, nayo husomwa na vyuo vyote vitano. Katika nyumba moja ya Coventry, mwishoni mwa 2024, karatasi ya nafasi hizo ilikaa mezani majuma matatu, ikiandikwa na kufutwa, kabla binti wa miaka kumi na saba hajaafikiana na wazazi wake.

Kwamba atasoma uchumi halikuwa jambo la kubishaniwa. Alikwisha kutambua kuwa mlango wa taaluma hiyo ni hisabati: idara nyingi mashuhuri hazimdai mwombaji awe amesoma uchumi shuleni, lakini bila alama ya juu ya hisabati hazimtazami. Hisabati alikuwa nayo. Kilichobaki ni mahali.

Baba, mzaliwa wa Tanga, alitaka Edinburgh, kwa kuwa Mwalimu Nyerere alihitimu huko mwaka 1952. Binti alimwonyesha kuwa shahada ya kule huchukua miaka minne, ilhali ya England ni mitatu, na mwanafunzi atokaye England hutozwa ada ileile kila mwaka. Jina la Mwalimu lingewagharimu mwaka mzima. Baba akanyamaza, kisha akauliza kama London kuna nafuu. Huko kulikuwa na kodi ya chumba.

Mama hakutaja chuo chochote. Aliulizia mkopo. Ada ya 2025/26 ilikuwa pauni 9,535, na mkopo wa serikali una riba. Sheria ya 2017 iliruhusu kuundwa kwa utaratibu usio na riba, lakini binti alijaza fomu yake kabla utaratibu huo haujaanza. Ndipo Chuo Kikuu cha Warwick, ambacho licha ya jina lake kiko ukingoni mwa Coventry, kilipopanda juu ya karatasi. Angelala nyumbani na kwenda kwa basi. Mkopo wa kujikimu usingehitajika. Ada bado.

Usiku mmoja, akitafuta la kuandika katika barua, binti aliupigia hesabu upatu wa mama yake: wanawake kumi na wawili, pauni 200 kila mwezi, na kila mmoja hupokea 2,400 zamu yake ifikapo. Riba hakuna. Hata hivyo, wa kwanza hukopeshwa na wenzake wote, na wa mwisho huwa amewakopesha wote.

“Mama, mbona zamu yako huwa ya mwisho kila mwaka?”

“Anayepokea mwisho hadaiwi na mtu, mwanangu.”

Hayo ndiyo aliyoyaandika katika barua. Aliomba Warwick, Birmingham, Leicester na Nottingham. Nafasi ya tano akaiachia Edinburgh, kwa ajili ya baba.

Warwick walimkubali. Upatu ulipoanza upya Septemba, mama aliwaomba wenzake zamu ya kwanza. Fedha ile ilitosha robo ya ada ya mwaka mmoja. Baba alikwisha kuanza kufanya kazi za usiku kwa ajili ya robo ya pili. Mama alizihesabu noti mara mbili, akaziweka mbele ya binti, na kwa mara ya kwanza tangu afike nchi ile akawa na deni la watu kumi na mmoja.