Walimu Wangu wa Upelelezi

Vitabu vyangu vyote ni vya watoto, lakini walionifunza kuviandika ni watunzi wa riwaya za upelelezi. Wa kwanza ni Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, Unguja. Mpelelezi wake, Bwana Msa, alijitokeza katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki kabla ya kuchapwa mwaka 1960. Wengi humkumbuka Bwana Msa kwa kiko chake. Mimi namheshimu kwa uadilifu wa mtunzi wake: dalili zinawekwa wazi, rafiki yake Bwana Msa, Najum, anaziona, nasi tunaziona, ila Bwana Msa ndiye anayejua kuzipanga.

Elvis Musiba alinifunza mwendo. Ukimfuata mpelelezi wake Willy Gamba katika Kufa na Kupona au Kikosi cha Kisasi, sura inakatika pale pale ulipotaka kufunga kitabu ulale. Mimi na wenzangu tuliazimana riwaya hizo, na zile za mpelelezi Joram Kiango za Ben Mtobwa, mpaka majalada yakachanika tukayafunika kwa magazeti.

Ninapowaandikia watoto kwa mafunzo hayo, kazi ngumu ni kuiondoa maiti. Pombe na bastola hazinisumbui, huzifuta mara moja. Lakini kifo ndicho kinachoibeba riwaya ya upelelezi, na ukikitoa lazima uweke kitu ambacho kwa mtoto kina uzito uleule. Katika hadithi moja niliiba kengele ya shule: rimu ya gari iliyoning'inia mwembeni, ikatoweka usiku wa kuamkia mtihani. Mtoto wa shule ya msingi anaielewa hasara hiyo bila kuelezwa.

Dalili yangu ilikuwa kamba. Haikukatwa, ilifunguliwa, na kipande kilichobaki tawini kilikuwa na fundo la wavuvi. Mchoraji alilileta fundo hilo katikati ya picha, kubwa kama kichwa cha mtu. Tulibishana sana. Nilitaka liwe dogo, pembeni, kati ya majani, ila lichorwe sawasawa, mzunguko kwa mzunguko, ili atakayetazama kwa makini alione. Ukimwonyesha mtoto dalili kwa kidole umemnyang'anya nusu ya kitabu. Ukimficha kabisa umemdhulumu. Mwishowe alilichora upya, na ile ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote tulizofanya pamoja.

Huwa naambiwa na wahariri kwamba watoto wataogopa. Waogope! Mtoto anayecheza kombolela magharibi, amejibana nyuma ya pipa akisikia nyayo za anayemtafuta, anaijua hofu na kesho ataitaka tena. Anachohitaji ni mwandishi atakayemfikisha salama mwisho.

Mswada wa hadithi ile ya kengele niliusoma mbele ya Darasa la Nne, katika kijiji cha pwani, nikasimama kabla ya ukurasa wa mwisho na kuuliza nani kachukua kengele. Majina yakarushwa. Kisha msichana wa nyuma akasimama: "Mwalimu, turudie picha ya mti." Akaja mbele, akalikagua fundo, akatangaza kwamba la wavu halifungwi hivyo, hilo ni la kufungia ngalawa, basi tuwaache wavuvi wote, tumtafute mwenye chombo. Mvulana mmoja akapinga, akidai babu yake hufunga hivyohivyo hata mbuzi. Mabishano yakapamba moto, nami nikaketi kwenye dawati tupu kuwasikiliza.